Mrejesho: AC iliyopoza wiki mbili tu baada ya kujazwa gesi, Kisumu

Asanteni wakuu. Niliuliza kwa nini gari linapoza wiki mbili kisha linarudi kutoa hewa ya moto, kila likijazwa gesi. Mlisema gesi haichakai, ikiisha imevuja. Kweli.

Tulitafuta uvujaji kwa kujaza naitrojeni kavu na kupaka maji ya sabuni. Povu lilitokea kwenye kiungo cha paipu na kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), pale penye doa la mafuta yaliyoshika vumbi. Doa hilo lilikuwepo siku zote! Oringi (pete ya mpira inayoziba kiungo) ilikuwa imekauka na kupasuka. Tumeweka oringi mpya zinazofaa gesi ya R134a, zikapakwa mafuta ya AC aina ya PAG kabla ya kukazwa. Draya (kichujio cha unyevu) pia imebadilishwa, kwa kuwa mfumo ulikaa wazi na draya hunyonya unyevu.

Pampu ya vakyumu ilinyonya hewa na unyevu kwenye mfumo dakika 45. Hapa ndipo wengi hukosea: Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, presha ya hewa ni ndogo kuliko pwani, kwa hiyo geji ya vakyumu hugota karibu inchi 26 (za zebaki), Nakuru 24 hivi. Usisubiri 29 za vitabuni, wala usidhani pampu ni mbovu. Muhimu sindano ya geji isirudi pampu ikizimwa. Yetu ilitulia dakika 20.

Gesi ilipimwa kwa mizani, gramu 450 kama kibandiko cha boneti kinavyosema. Kukisia kwa presha pekee nako kulituponza awali. Sasa hewa inatoka nyuzi 8, nje zikiwa 31. Huu ni mwezi wa tatu tangu itengenezwe, bado inapoza.