Tupeane uzoefu: kusi ikikaza na kaskazi ikirudi, wewe huvua wapi na unavua nini?

Mtoto_wa_Diko

Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu naomba uwe wa wavuvi wa karibu. Wa mshipi, wa dema, wa nyavu za kutega, wa kuchokoa pweza. Sisi ambao tukiwa kazini bado tunaziona paa za nyumba zetu. Nataka tuandike kuhusu majira, kusi ule upepo wa kutoka kusini na kaskazi ule wa kutoka kaskazini: pale kwenu unajuaje kuwa msimu umegeuka, na ukigeuka unahamia wapi?

Naanza mimi. Nimezaliwa Mafia, upande wa Kilindoni. Babu yangu hakuwa na kalenda ukutani. Alihesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, miongo 36 na siku 5 za kufungia mwaka. Alfajiri akitoka nje husimama kidogo mlangoni bila kusema na mtu, kisha anatamka: leo kutoka, au leo kushona nyavu. Zile siku za maleleji, kati ya msimu na msimu, asubuhi upepo unatoka bara, adhuhuri unatoka mashariki, jioni haueleweki, yeye hakuwa na haraka hata kidogo.

Mwaka niliokabidhiwa ngalawa nilikuwa na miaka 19. Ilikuwa mwezi wa sita, kusi yenyewe. Nikaamka bahari imetulia, nikamchukua mdogo wangu tukatoka kufuata kolekole kwenye fungu la mbali. Kufika saa tatu upepo ukaamka wote kwa mpigo. Tanga letu lilikuwa na kiraka cha gunia, likapasuka pale pale kwenye kiraka. Tulishusha, tukapiga makasia mpaka viganja vikachubuka, mkondo unatupeleka kaskazini na kisiwa kinazidi kuwa chembamba. Mdogo wangu alikuwa anafuta maji kwa kibuyu, hasemi neno. Upepo ulipolegea jioni ndipo tukaanza kurudi, tukafika saa mbili usiku.

Babu alikuwa amekaa mchangani na tochi. Nilijua nitagombwa. Akaniuliza swali moja tu: "Ulipotoka, moshi wa jikoni kwa mama yako ulikuwa unaelekea wapi?" Sikuwa nimeuangalia. Kumbe moshi ule tangu alfajiri ulikuwa umelala juu ya makuti, haupandi, unakimbilia kaskazini. Ukiwa chini kwenye kivuli cha minazi huhisi kitu, lakini juu ya paa upepo umeshaanza kazi. Mpaka leo situmbukizi chombo majini kabla ya kuangalia moshi wa mtu.

Siku hizi kusi nikipata siku nzuri navua ndani tu, nyuma ya visiwa vidogo. Kuanzia Oktoba ndipo roho inafunguka: maji yanakuwa meupe, dagaa wanakaribia pwani, na potwe, wale papa wakubwa, nao wanakuja kula, mnyama mkubwa kuliko mashua, mpole kabisa, anakaa mpaka Machi hivi. Usiku wa giza ukiona taa zimepangana mbele ya Kilindoni utadhani kuna mji mwingine majini. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, dagaa wanatawanyika, nasi tunarudi kwenye mshipi.

Karibuni.

Fundi_Malema

Salaam kutoka Vanga, Kenya, mpakani kabisa. Nyinyi mwaita dema, sisi lema, wengi malema. Samaki wangu ni tafi, ambaye ng'ambo ya mpaka wamwita tasi, na wengine chafi. Ni huyo huyo.

Lema nasuka mwenyewe, na wakati wa kusuka ni huu wa kusi, kwa sababu nje hakuendeki. Kusi naingia kwenye mikoko na mikono ya bahari. Huko kuna chaa, kuna mkizi, kuna kaa wa matope. Si wengi, lakini kusi samaki huadimika na bei hupanda, kwa hiyo kikapu kidogo chalisha nyumba. Kaskazi nahamisha malema kwenye majani ya bahari, maji ya pima mbili tatu. Chambo ni mwani na kaa wa kupondwa. Nategesha maji yakiwa mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, maana bamvua, yale maji makubwa, likianza mkondo waweza kulibiringisha lema ukalipata mwamba mwingine, au usilipate tena.

Jambo ambalo limenikaa moyoni ni hili. Januari na Februari ukimpasua tafi wakuta tumbo limejaa mayai. Wazee walikuwa na mahali wanapajua tafi hukusanyika, na wakati huo walikuwa wapita mbali. Sisi vijana tukaona wazee wanaficha utajiri, tukapafuata. Msimu wa kwanza tulijaza mitumbwi. Wa pili, nusu. Wa nne nilizamisha malema 12 nikatoa tafi 9, wadogo wa kiganja. Nilirudi kwa mzee mmoja kuomba radhi. Tangu hapo miezi hiyo mahali pale sipagusi, na nikimwona mwenzangu anapagusa namfuata kwake usiku tuzungumze kistaarabu.

Na la mwisho kwa wanaoanza: tafi ana miiba yenye sumu, mgongoni na tumboni. Mmoja alinidunga chini ya ukucha wa kidole gumba nikimtoa kwenye lema, maumivu yakapanda hadi kwapani, nikakaa mchangani nikitetemeka. Mama karanga, mwanamke wa kukaanga na kuuza samaki, aliyekuwa akisubiri kununua ndiye aliyeniokoa. Alichukua maji ya moto, ya kiasi ambacho mkono wavumilia bila kuungua, akanilazimisha niuloweke humo, na yakipoa aongeza. Baada ya nusu saa hivi nikaweza kuongea. Siku hizi chupa ya chai ya maji ya moto haikosi chomboni.

Msafiri254

Hilo la maji ya moto limenifaa, ahsante. Swali kwa wenye mshipi: bamvua au maji mafu? Mimi kila nikienda bamvua naambulia kupoteza chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi.

Mzee_wa_Pima

Mwanangu Msafiri, mimi ni wa Tanga, nina miaka 61 na mshipi nimeushika tangu sijabalehe. Changu mtafute maji yanapokuwa mafu, kuanzia siku ya nane hadi ya kumi na mbili ya mwezi mwandamo, na tena ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na sita. Hapo mkondo umelegea, mshipi unashuka wima na chambo kinakaa pale ulipokiweka. Bamvua maji ya pwani yetu yanapanda na kushuka karibu mita 4. Maji mengi namna hiyo yakipita kwenye mlango mmoja, chubwi lako litafanya nini? Kama ni lazima utoke bamvua, vua ile nusu saa maji yanaposimama kabla ya kugeuka, kisha pumzika.

Usiku ni bora kuliko mchana, na ngisi ni bora kuliko kipande cha samaki. Mkate vipande virefu kama utambi, vicheze majini. Mshipi usiufunge popote. Ulaze juu ya kidole cha shahada, kidole kikavu hakisikii vizuri, kiloweshe. Changu mkubwa hapigi kwa nguvu mwanzoni. Anagusa, anaacha, anagusa, kama mtoto anayeonja uji wa moto. Ukivuta pale umemfukuza. Subiri mshipi uanze kutembea wenyewe.

Na mahali pa kuvulia pashike kwa alama mbili za nchi kavu. Mimi mwamba wangu naupata mnazi uliopinda ukiingia nyuma ya msikiti, na mlima ukigusana na bango la bati. Bango liling'olewa, nikahangaika mwaka mzima mpaka nikapata alama nyingine.

Nimeona mmezungumzia majira, nami niseme. Tanga yetu ilipigwa baruti miaka mingi sana. Mlio ulikuwa unausikia ukiwa ndani ya chombo, unapita kwenye mbao mpaka kwenye magoti. Mwamba uliopigwa baruti hauna kusi wala kaskazi. Matumbawe yanakuwa kokoto, na samaki wa msimu akija hakuti mlango wa kuingia. Nilikuwa na mwamba mmoja wa chewa niliorithi kwa baba yangu, nikaenda siku moja chubwi likatua kwenye kifusi, nikalisikia linaburura. Nililia, sioni haya kusema. Sasa milio imepungua sana na mwamba ule umeanza kuota. Mwaka jana nilitoa chewa mmoja pale, mdogo. Nilimrudisha.

Bi_Chokoachokoa

Assalamu alaikum. Mie ni wa Pemba, kusini. Bahari ya wanawake ni ya miguu, kwa hiyo kalenda yetu ni bamvua. Bamvua huku maji hupwa kabisa saa nne, saa tano ya asubuhi, ukishamaliza kazi za nyumbani unateremka na fimbo yako.

Pweza humuoni, unaiona nyumba yake. Tafuta tundu lenye makombe yaliyoliwa mlangoni na vijiwe vimepangwa kama mtu kaviweka. Ukitia fimbo naye akiikamata, usivute kwa pupa, atajibana kwa mikono yote minane na utamkata. Mchokoe taratibu, mpaka achoke na ghadhabu atoke mwenyewe.

Miaka ile ya nyuma tulikuwa tunashuka kila bamvua, wa nusu kilo tunamtoa, wa robo tunamtoa. Kamati ya wavuvi ya shehia ikaleta wazo la kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu. Nilisimama kwenye mkutano nikapinga, nina watoto watano, miezi mitatu nile nini? Wakafunga hata hivyo, upande mmoja tu, tukabakiwa na mwengine. Siku ya kufungua kijiji kizima kilikuwa ufukweni, watu na ndoo, wachuuzi na mizani, mpaka bibi asiyeona vizuri alishikwa mkono akateremshwa. Pweza wa kwanza niliyemtoa nilidhani fimbo imenasa kwenye jiwe. Alikuwa wa kilo tatu na robo. Siku ile nililipa deni la dukani lote na nikanunua sare za shule.

Lakini nisiseme ni raha tupu. Mara ya tatu walikuja watu wa mbali usiku, na miwani ya kuzamia na tochi, siku nne kabla ya kufungua. Tulipoteremka tukakuta matundu matupu. Niliumia sana, si kwa pweza, ni kwa wale waliokuwa wamekopa wakisubiri siku ile. Sasa tunalinda zamu, na wanawake tumo kwenye zamu. Usiku wa kusi kulinda ufukweni kuna baridi, lakini tunalinda.

Mtoto_wa_Diko

Bi Chokoachokoa, shikamoo. Hili la zamu za wanawake sikuwahi kulisikia kwetu. Naomba siku moja utuandikie mnapangaje, maana kwetu wanaolinda ni wanaume watatu na mmoja wao huwa amelala.

Kijana_Kilwa

Mimi si mvuvi hasa, ni mnunuzi, napeleka samaki Dar es Salaam. Mei 2024 ndiyo iliyonifundisha kuheshimu matangazo. Mwisho wa Aprili masika inaisha na kusi inaingia, tumezoea mawimbi, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa walipotangaza kimbunga Hidaya wengi walisema ni kusi ya kawaida imepewa jina. Nahodha mmoja mzee hapa kwetu hakubishana na mtu. Alivuta mashua yake mpaka chini ya miembe, akaifunga kwenye mashina mawili, akaondoa injini akaipeleka nyumbani kwa mkokoteni. Watu walipomwona huyo nao wakaanza kuvuta. Tarehe 4 kikapiga Mafia na sisi huku tukapata upepo na mvua ambayo sijawahi kuiona. Vyombo vilivyovutwa vilisalimika.

Hasara yangu ilikuwa nchi kavu. Barabara ilikatika Somanga, nami nilikuwa na majokofu ya kolekole na changu. Barafu ikaisha siku ya tatu. Jua la kuanika ng'onda hakuna. Tulikaanga na kubanika usiku kucha, tukagawa majirani, tukauza kwa bei ya kutupa. Tangu hapo, zikianza taarifa za bahari, sinunui mzigo ambao siwezi kuubanika mwenyewe.

Mzanzibari_Maskati

Kwa ufupi kutoka Oman. Kusi yenu ikishavuka ikweta inageuka na kutujia kutoka kusini magharibi, na pwani ya Dhofar inachafuka vibaya mno. Huku nguru anaitwa kanadi, na kila mwaka ni marufuku kumvua tangu 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili azae. Siku ya kufunguliwa sokoni watu wanamsubiri kama mgeni wa sikukuu. Natamani nguru wa kwetu nao wangepewa miezi yao miwili.

Baharia_Malindi

Mimi natembeza wageni wanaofuata samaki sulisuli, Desemba hadi Machi. Wengi hushangaa kwamba kaskazi, wakati mzuri, ndipo maji ya Malindi huwa mekundu. Ni mto Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini mwa mji, kwa hiyo kaskazi ikivuma udongo wa mto unasukumwa huku kwetu, na kusi ikivuma unapelekwa upande wa pili. Wageni huuliza kwa nini tusirudi. Nawaambia wasubiri. Kuna mstari unaonekana kwa macho, huku maji ya chai, kule samawati, povu na majani yamejikusanya katikati. Kwenye mstari huo vidagaa hujificha, na sulisuli anakuja kuviwinda. Tunamshika, tunampiga picha ubavuni mwa chombo, tunamwachia. Mara ya kwanza kumwona akifungua lile pezi lake la mgongoni, likiwaka rangi ya buluu, nilisahau kushika usukani.

Msafiri254

Mzee wa Pima, nimetoka jana, siku ya tisa ya mwezi mwandamo, nikalowesha kidole kama ulivyosema. Changu watatu na mmoja kanikatia. Nilivuta mapema.

Mzee_wa_Pima

Huyo aliyekata ndiye mkubwa. Bado yupo pale pale. Maji mafu hayajaisha, rudi kesho kutwa.

Mtoto_wa_Diko

Leo asubuhi hapa kwetu moshi ulipanda wima mpaka saa mbili, kisha ukaanza kuelekea kusini taratibu. Nimeshusha tanga juani nikague viraka. Nani mwingine ameona kugeuka huko aliko?