Taulo za maikrofaiba za gari: mashine ya mapipa mawili, ya mlango wa mbele, au niendelee na ndoo?

KijanaWaGoba
Wakuu, habari za jioni. Naosha magari na kupiga polishi nyumbani kwangu Goba. Taulo za maikrofaiba zimenishinda: zikikauka zinakuwa ngumu kama gome, hazinyonyi maji, na nyingine zinaacha manyuzi kwenye vioo. Nina laki 6 mkononi. Nimeona mashine mpya ya kufulia ya mapipa mawili dukani, na ya mlango wa mbele ya mtumba, bei zinakaribiana. Jirani anasema nitafute draya kabisa, ile mashine ya kukaushia kwa moto. Nichukue ipi? Mwenye ile ya mtumba anataka jibu Jumamosi.

FundiKlia
Karibu mkuu. Swali limekuja nusu. Taulo ngapi kwa siku? Maji ya bomba la DAWASA au ya kisima? Sabuni gani? Za kukaushia bodi unazifua pamoja na za rimu? Usipoyasema hayo, kila mtu atakutajia mashine iliyopo kwake.

DadaPovu
Mapipa mawili, usihangaike. Yangu ina mwaka wa 4. Maji najaza kwa ndoo, kwa hiyo mgao haunisumbui, na umeme ukikatika katikati nafungua mfuniko naendelea kwa mkono. Spina, lile pipa la kukamulia, inakamua hata ile taulo nzito ya gramu 1,200 kwa mita ya mraba. Ukiianika kivulini asubuhi, jioni unaitumia. Povu la taulo safi silimwagi, nafulia za rimu. Mlango wa mbele hauwezi kukupa hayo.

MsafiWaMoshi
Dada, mapipa mawili hayasuuzi vizuri. Sabuni inabaki ndani ya nyuzi, na hilo gome analolilalamikia ni sabuni iliyokauka. Mlango wa mbele unasuuza mara 3 wenyewe na joto unalipanga, mimi siendi zaidi ya digrii 40. Chukua ya mtumba.

DadaPovu
Inasuuza ukisuuza. Mimi nabadilisha maji mara 3, namalizia na nusu kikombe cha siki nyeupe. Sijawahi kupata gome.

KijanaWaGoba
Asanteni. Wikiendi taulo kama 25 kwa siku, siku nyingine 10. Sabuni ni ya unga, na naweka kidogo ile dawa ya kulainisha nguo ili zinukie vizuri, wateja wanapenda. Nafua zote pamoja na matambara ya pamba.

FundiKlia
Mkuu, ugonjwa wote umeutaja mwenyewe hapo. Dawa ya kulainisha inapaka mafuta juu ya nyuzi, na taulo yenye mafuta hainywi maji, inayasukuma tu. Manyuzi kwenye vioo yanatoka kwenye matambara ya pamba. Maikrofaiba inayadaka kwenye mashine na kuyaachia kwenye gari. Unga usioyeyuka nao ni mchanga.

Niwasimulie yaliyonipata, maana bado yananiuma. Mwaka wangu wa pili kazini nilipata harusi, magari 6 kwa siku mbili. Taulo zikaniishia. Nikachukua kama 30, nyingi mpya, nikampelekea dobi wa mtaani, mzee mwaminifu anayenifulia mashati. Sikumwambia kitu. Kesho yake nikazikuta zimekunjwa vizuri, zinanukia, laini kwa kuziangalia. Nikamshukuru nikaondoka. Alizichemsha, akaweka dawa ya kunukisha, halafu akazipiga pasi moja moja kwa moto wa mashati ya pamba.

Maikrofaiba ni plastiki: poliesta na nailoni, mara nyingi 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Nyuzi zake zimepasuliwa nyembamba mno, na ndiyo maana zinadaka vumbi. Pasi ilipopita, ncha ziliyeyuka zikashikana zikawa vijiti vigumu. Kwa kiganja huhisi chochote. Nikaikausha Crown nyeusi ya bwana harusi kwa taulo 4 za zile, kivulini. Ilipotoka juani, boneti nzima ilikuwa na utando wa buibui, mikwaruzo ya mduara kila mwanga ulipopiga. Yule kijana hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hii ilikuwepo?" Sikuweza kusema ndiyo.

Baada ya harusi nilipiga polishi gari ile siku mbili bure. Klia ya kiwandani, ile rangi angavu ya juu kabisa, ina mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na kila unapopiga polishi unaila. Nilimpunguzia umri wa rangi yake kwa uzembe wangu. Dobi hakuwa na kosa, aliifanya kazi yake kama anavyoijua. Tangu siku ile taulo za bodi nazifua mwenyewe kwa mikono yangu, na ndiyo sababu namwambia kijana: draya achana nayo.

MsafiWaMoshi
Pole sana kiongozi. Lakini ile ilikuwa pasi, siyo draya. Draya ikiwekwa kwenye moto mdogo inazirudisha taulo laini kuliko kamba yoyote, kwa sababu inazipigapiga. Ya wati 2,000 ikienda saa nzima inakula uniti 2, kwa LUKU ya nyumbani ni kama shilingi 700. Gari moja tu linalipa.

FundiKlia
Na siku kijana wako akizungusha kitufe hadi moto wa juu?

MsafiWaMoshi
Namfundisha.

MwanaKisauni
Ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Mwasahau jua. Jua ni bure na laondoa harufu ya uvundo. Anika kwenye kamba, zikikauka zipigepige kwa nguvu mara 10, zalainika. Miaka yote nafanya hivyo.

FundiKlia
Jua kali linachosha nailoni, na Goba barabara nyingi ni za udongo. Taulo mbichi kwenye kamba inakusanya vumbi la kila bodaboda inayopita, halafu unalisugulia kwenye gari la mtu. Kivulini, ndani, penye upepo.

MwanaKisauni
Kwetu ua wafagiliwa na kumwagiwa maji kwanza. Si kila mahali pana vumbi.

ShakaLaMaji
Samahanini, kuna mtu amepata jibu la swali la maji? Naona tumelipita.

KijanaWaGoba
Samahani, nilisahau. Ni kisima, kina chumvi kidogo. Simtanki la lita 2,000 liko kwenye mnara wa mita 3.

ShakaLaMaji
Basi tuanze upya. Maji ya chumvi na chokaa yakikauka kwenye taulo yanaacha chembe, hata usuuze mara 10, kwa sababu unasuuza kwa maji yale yale. Siki inasaidia kuyeyusha chokaa, chumvi haiondoi. Halafu presha: kila mita 10 za kimo zinakupa baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo mnara wako unakupa kama 0.3. Kitabu cha mashine yangu ya mlango wa mbele kinataka angalau 0.5. Itajaza taratibu mpaka ikate tamaa na kuonyesha kosa. Kabla ya Jumamosi muulize mwenye nayo inataka baa ngapi.

MsafiWaMoshi
Ataweka pampu ndogo.

DadaPovu
Na pesa ya pampu itoke wapi, laki 6 hizo hizo? Mapipa mawili hayaulizi presha.

KaziNgumu
Mimi naloweka kwenye Jiki kisha nasuuza na siki, zinatoka nyeupe kabisa.

FundiKlia
Ndugu, acha leo hii! Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Na Jiki yenyewe inakula nailoni. Tafadhali.

KaziNgumu
Sikujua. Nafanyia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Nashukuru sana.

ShakaLaMaji
Kijana, una bati au vigae? Maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa, na taulo 25 hazitaki maji mengi. Sio lazima ufulie yote kwa mvua, suuzo la mwisho tu.

KijanaWaGoba
Bati, mita 8 kwa 7. Gata ipo upande mmoja.

ShakaLaMaji
Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lako ni mita 56 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,120, na ukiwa na gata upande mmoja unapata nusu. Maji ya mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

MwanaKisauni
Sisi twaweka kitambaa mdomoni mwa pipa.

ShakaLaMaji
Kitambaa kinazuia majani, hakizuii uchafu ulioyeyuka. Weka bomba la kusimama lenye kifuniko chini, lijae kwanza ndipo maji yaende kwenye pipa.

DadaPovu
Na yule wa mtumba ulimjibu nini?

KijanaWaGoba
Nimemwomba anipe hadi Jumatano. Ameniambia kitabu cha mashine kimepotea. Dawa ya kulainisha nimeshaitoa, na leo nimetenga ndoo 3: bodi, vioo, rimu. ShakaLaMaji, hilo bomba la kusimama liwe la inchi 4 au 3 linatosha?