Naomba ushauri: akidi ya bodi inavunjika wenye maslahi wakitoka

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa ukatibu wa kampuni.

Kampuni ni binafsi, haipo soko la hisa. Bodi ina wakurugenzi 5, akidi (idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiamue) ni 4. Wawili wana hisa katika kampuni inayotaka mkataba wa kutuletea malighafi kwa miaka 3. Katiba ya kampuni inasema mwenye maslahi atamke, asipige kura na asihesabiwe kwenye akidi ya ajenda hiyo. Wakitoka wanabaki 3, na kikao hakiwezi kuamua.

Matamko yao yako kwenye rejista ya maslahi na kwenye muhtasari, na bei za wasambazaji wengine zimeambatishwa kwenye makabrasha. Mwenyekiti alipendekeza azimio la maandishi la kuzungushwa (lisainiwe bila kikao), lakini hilo linataka saini za wote, hao wawili wakiwemo, kwa hiyo tunarudi palepale. (Kuwaacha wakae kimya ili wajaze viti, hapana, mkaguzi wa hesabu akisoma muhtasari ataliona.)

Umebaki mkutano mkuu wa wanahisa, ila wawili hao wanashika asilimia 58 ya hisa.

Je, azimio la wanahisa likipita kwa kura zao wenyewe linasimama, au wapige wasio na maslahi tu? Na je, si salama zaidi kwanza kushusha akidi iwe 3 kwa ajenda za aina hii, kwa azimio maalumu la asilimia 75 ambalo hawalipitishi bila wenzao?