Suti ya harusi inanipwaya mabegani, nimpe fundi au niiwache?

MtuWaWete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Wete, harusi yangu inshaallah Shaaban hii kabla ya Ramadhani. Nikahi ntavaa kanzu na joho kama kawaida hilo halina tabu, tabu ni usiku wa ukumbini, upande wa mke wanataka suti, na ami yangu aliyeko Muscat kanitumia moja kwa mtu aliyekuja, buluu iliyoiva inakaribia weusi, nzuri wallahi kitambaa ukikishika tu unajua si cha mchezo.

Sasa nimeivaa. Suruali kiunoni imekaa, ndefu tu, hiyo najua inakatwa. Koti ndo mtihani. Mabega yamepita, mikono inafika kwenye vidole, na nyuma kola imesimama mbali na kola ya shati mpaka naingiza vidole viwili. Fundi wa mtaani kwetu kasema "niachie, nitapunguza yote hiyo" lakini kasema mbio mbio bila hata kunigeuza nyuma, roho haijatulia. Ndani imeandikwa 52L. Mie si mrefu, na mwili wangu mdogo. Wenye ujuzi nisaidieni, na tafadhali msinambie nivae kanzu usiku mzima, hilo nshaliomba likakataliwa.

Mchekeshaji_Ngambo
Wakwe wamekataa kanzu? Zanzibar hii hii? Haya tuendelee kusoma.

FundiMlandege
Wa alaykum salaam. Yakhe kwanza mkasi usimpe mtu. Usikate chochote, hata ule uzi wa msalaba uliofunga mpasuo wa nyuma na ile lebo iliyoshonwa mkononi iwache hapo hapo mpaka ujue koti unabaki nalo. Siku ya harusi ndo vitolewe vyote, maana nshaona watu wanaingia ukumbini lebo iko nje mkononi wanadhani ndo urembo.

Sasa hiyo 52L. Makoti yenye saizi za Ulaya namba yake ni nusu ya kifua kwa sentimita, kwa hiyo 52 ni ya mtu mwenye kifua 104, na L ni ya watu warefu, koti lenyewe refu, mikono mirefu, hata kifungo na mifuko inashuka. Chukua tepu upitishe chini ya makwapa ujipime. Ukija 96 wewe ni 48, na hapo hatuzungumzi tena koti la kupunguza, hilo ni koti la mtu mwengine.

Bega nalo lijaribu hivi, simama ubavu na ukuta usogee taratibu. Koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako bega kubwa. Mshono unatakiwa uishe pale fupa la bega linapoishia. Kupunguza bega kunafanyika sikatai, lakini unafumua mkono wote, unatoa sponji lililowekwa ndani ya bega, unakata bega, kisha unaurudisha mkono ambao sasa mkubwa kuliko tundu yake, ukikosea kidogo tu unakaa umejikunja mbele na pasi haiutoi. Sentimita moja kila upande najaribu. Zaidi ya hapo koti nakurudishia na pesa yako.

Baba_Mitumba
Fundi unamtisha kijana. Mie makoti yangu yote ya mtumba Darajani na mabega yanapunguzwa kila siku, unatoa sponji tu koti linashuka linakaa.

FundiMlandege
Linashuka ndio. Ukitoa sponji kitambaa cha juu yake kinabaki kile kile, panabaki kama mfuko umening'inia begani, kwenye picha ndo utapaona. Na la mtumba likiharibika umepoteza hela ndogo, hili limetoka kwa ami.

Baba_Mitumba
Hapo kwenye ami nakubali.

UmmuNasra
Mnazungumza sponji hakuna aliyeuliza joto. Shaaban miaka hii inaangukia ndani ya kaskazi, ukumbi umejaa watu, taa za video usoni, na bwana harusi kafungwa koti na tai. Soma lebo ya ndani kaka, kama sufu nyepesi inapumua, kama polista tupu utatoka mule umerowa. Na angalia bitana, koti lenye bitana mpaka nusu ya mgongo afadhali kuliko lililojaa bitana lote.

La pili, mwambie ami yako. Mnaogopa zawadi mpaka mnaziharibu kimya kimya. Ami atapendelea kuambiwa "ami hii kubwa" kuliko kukuona kwenye picha umevaa koti la baba.

MtuWaWete
Dada UmmuNasra umenichoma lakini kweli. Nimejipima, kifua 97. Ukutani koti linagusa mbali kabla ya mkono, zaidi ya sentimita mbili kila upande. Kitambaa sufu asilimia 100. Fundi na ile kola kusimama inatoka wapi? Na urefu wa koti, limeyapita makalio kabisa linakaribia nusu ya paja.

FundiMlandege
Kola mara nyingi inasimama kwa sababu bega haliko mahala pake, koti linaning'inia kwenye sponji badala ya kulala shingoni, bega likikaa na kola inatulia. Kama bega liko sawa na kola bado imesimama hapo inafumuliwa kola yenyewe, kazi ya fundi anayejua. Urefu ndo umemaliza mjadala. Koti linatakiwa lifunike makalio liishie hapo. Naweza kukata sentimita mbili chini, nikikata sita mifuko inakaribia kugusa pindo na kifungo kinabaki chini ya kitovu, unaonekana umekatwa wewe. Bega, urefu, kola, vitatu kwa mpigo. Fundi aliyekwambia atapunguza yote hiyo ataipunguza kweli, utavaa nini sasa.

Ustadh_Chake
Msisahau suruali iwe juu ya vifundo vya miguu, isiburure.

FundiMlandege
Shekhe hapo hatugombani, suruali isiyolundikana juu ya kiatu ndo inayopendeza siku hizi.

Mchekeshaji_Ngambo
Na vifungo? Harusi iliyopita jamaa kafunga vyote akikaa koti linapanda mpaka kidevuni

FundiMlandege
Koti la vifungo viwili unafunga cha juu tu, cha chini hakifungwi. Ukikaa fungua vyote.

MtuWaWete
Haya nimempigia ami. Kacheka sana, kumbe kakisia kwa mwili wa marehemu baba, yeye alikuwa mrefu. Risiti anayo na dukani wanabadilisha madamu lebo zipo na nguo haijaguswa, ahsante fundi kwa lile la mkasi. Kuna mtu anaondoka kwenda Muscat wiki hii ataichukua, na ami mwenyewe anakuja kwenye harusi atakuja nayo. Sasa kanambia nimtumie vipimo, nimtumie vipi asikisie tena? Mie nlitaka kumpa urefu na kilo.

FundiMlandege
Kilo za samaki. Mpe kifua, mpe kiuno pale unapofungia suruali hasa na sio chini ya tumbo, mpe mgongo kutoka fupa la bega mpaka fupa la bega la pili, na mkono kutoka begani mpaka kifundo cha mkono. Apimwe mtu mwengine akupime wewe, ukijipima mwenyewe bega linainuka. Kwa 97 yako anze na 48 ya kawaida yenye R, na kama hufiki sentimita 170 ajaribu yenye S, ya watu wafupi. Akikwama kati ya namba mbili achague bega linalokaa, kiunoni mwa koti nitapunguza mimi, mishono ya ubavuni ndo kazi nyepesi kuliko zote.

Na jengine muhimu, vifungo vya mkononi achague vile vya urembo visivyo na tundu za kweli. Mkono ukiwa mrefu nakata chini nasogeza vifungo juu, shati litokeze kama sentimita moja basi. Tundu zikiwa za kweli siwezi kuzipandisha, itabidi mkono ufupishwe kutoka begani na tushajua begani kuna nini.

UmmuNasra
"Apimwe mtu mwengine akupime wewe" 😂 fundi umemchanganya kijana

FundiMlandege
Kafahamu. Mkeo mtarajiwa asikupime lakini, atafute kaka zake.

MtuWaWete
Nimefahamu. Ikifika nakuja nayo Unguja kwa boti, nikupate Mlandege. Nije na nini?

FundiMlandege
Shati utakalovaa usiku huo, mkanda, na viatu vyenyewe. Suruali siikati mtu akiwa kwenye kandambili.

MtuWaWete
Viatu bado sijanunua.

FundiMlandege
Basi uingie Darajani kwanza, mie utanikuta.