Saccos yetu iwekwe vipi mtandaoni?

katibu_mpya: Wakuu habari zenu, nimepewa ukatibu wa saccos ya walimu huku wilayani, wanachama wanalalamika hawapati taarifa mpaka mkutano mkuu. Mwenyekiti anataka websaiti, vijana wanataka Instagram, na hela ndo hivyo tena. Nianzie wapi?

Mzee wa Hisa: Anza walipo watu, yaani WhatsApp. Ila sio grupu, humo ni asubuhi njema na michango ya sendofu tupu, tangazo la mkopo linazama dakika tano tu. Fungua Chaneli, zile zilizokuja 2023, anaandika admini peke yake na wafuasi hawaonani namba. Mambo ya ndani usiweke huko lakini.

dadafundi: Websaiti msiidharau jamani, ukurasa mmoja unatosha, weka fomu ya kujiunga, riba, kiwango cha hisa na simu ya ofisi basi. Chukueni anwani ya .or.tz na isajiliwe kwa jina la saccos, sio la kijana aliyewatengenezea, maana siku akikorofishana na bodi anasepa na nywila zote mnabaki mnatazamana.

Mjumbe77: Na majina ya wadaiwa sugu msibandike mtandaoni, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Salio la mtu mtumieni mwenyewe kwa SMS, hata mwenye kitochi inamfikia.

katibu_mpya: Asanteni sana. Na Instagram je?

dadafundi: Hiyo ya kuvutia wanachama wapya, nani atakuwa anaposti? Kama hayupo, acheni kwanza.