Mkojo unasema mimba ipo, ultrasaundi haioni kitu kizazini, tufanyeje?

dada_wa_ujiji
Habari za saa hizi jamani, nimechanganyikiwa naomba mawazo. Mdogo wangu tuko nae hapa Ujiji, ukihesabu toka siku zake za mwisho ni wiki ya 7, kapima mkojo mistari miwili tukafurahi kweli. Sasa toka juzi tumbo la chini linamkaza upande wa kushoto na anatoa vitone vya damu rangi ya kahawa. Dispensari wakasema UTI wakampa vidonge, bibi nae anasema ni chango anataka kumchemshia mizizi. Leo kapigwa ultrasaundi ya juu ya tumbo, wanasema kizazi kitupu arudi baada ya wiki 2. Tangu jioni bega la kulia linamuuma wakati hajabeba hata ndoo, akisimama anaona giza. Nisubiri hizo wiki 2 au?

nesi_wa_zamu
Usisubiri hata asubuhi, chukua bajaji sasa hivi mpeleke hospitali ya Maweni!! Nachohofia ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi sana inakaa kwenye mrija, na mrija hauwezi kutanuka kama kizazi kwa hiyo unapasuka na damu inamwagikia tumboni. Hilo bega ndo limenishtua, damu ikifika juu chini ya mbavu inachokoza msuli wa kupumulia na maumivu yanasikika begani. Usidanganyike na vitone vidogo vya nje, ndani inaweza kuwa nyingi. Asile wala asinywe kitu, dawa ya bibi iache kabisa, anaweza kuhitaji upasuaji. Mkifika pale mapokezi sema hivi hivi: kipimo cha mimba chanya, kizazi kitupu, maumivu upande mmoja, anaona giza.

mama_kasulu
Dada kimbia, mimi walinitibu malaria siku 4 nikaja kuzimia chooni, nilipofika hospitali tumbo limejaa damu nikaongezewa chupa 3. Na mi nilikuwa najiambia kipimo si kimesema mimba ipo basi kila kitu kiko sawa, kumbe mkojo unakwambia ipo tu, haukwambii iko wapi.

kijana_mwanga
Samahani nauliza, hivi hawawezi kuitoa kwenye mrija wakaipandikiza kizazini? Mke wangu ana wiki 5 nae ultrasaundi haikuona kitu ila haumwi popote, sasa nimeogopa.

nesi_wa_zamu
Kaka hapana, kuhamisha haiwezekani kokote duniani, mimba hiyo haiponi, anayeokolewa ni mama. Ya mkeo wiki 5 inaweza kuwa changa tu, ultrasaundi ya kupitia ukeni ndo inaona mapema zaidi, kwenye wiki ya 5 hadi 6, ya juu ya tumbo inachelewa. Waombe wampime homoni ya mimba kwenye damu halafu warudie baada ya saa 48. Mimba iliyokaa vizuri homoni inapanda kwa kasi, ikipanda kwa kusuasua au ikiganda pale pale wanachunguza zaidi. Ikigundulika mapema haijapasuka kuna sindano ya methotreksati, sio kila mtu anapasuliwa. Ila akianza tu kuumwa tumbo au kizunguzungu achana na hizo saa 48, mkimbize. Na mwambie daktari ukweli wote, kama aliwahi kuugua klamidia au kisonono, kama ana kitanzi, kama iliwahi kumtokea, ingawa wengine wanapata bila hata kimoja.

dada_wa_ujiji
Jamani nimerudi, sijalala. Tulifika saa 5 usiku, wakampima presha iko chini, wakamrudia ultrasaundi wakaona damu tumboni, kaingia upasuaji hapo hapo. Mrija wa kushoto ulikuwa umepasuka wameutoa. Saa hizi kafumbua macho kaomba maji. Bibi kakaa pembeni ya kitanda analia, anasema angemnywesha ile dawa. Anauliza atazaa tena?

mama_kasulu
Alhamdulillah. Mwambie mimi nimebaki na mrija mmoja na nina mapacha wa miaka 4. Ila akishika tena asisubiri kliniki ya kawaida, inaweza kujirudia, awahi ultrasaundi wiki ya 6 ajue imekaa wapi. Na muulizeni daktari kundi lake la damu, kama ni hasi kuna sindano anatakiwa achomwe ndani ya saa 72, msiondoke hapo bila kuuliza.

dada_wa_ujiji
Naenda kuuliza sasa hivi.