Nitazamie wapi halingi na raga ya Ayalandi nikihamia Munich?

MwanaShannon anauliza:

Habari zenu, wanajamvi. Kazi ilinipeleka Limerick, Ayalandi, na huko ndiko nilikoupenda mchezo wa halingi, mchezo wa jadi wa Waayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, ambao kabla ya hapo sikuwahi hata kuusikia ukitajwa. Mwezi wa Septemba nitahamia Munich kwa masomo, na jambo linalonishughulisha sana ni mahali pa kutazamia mechi. Ninaweza kulipia matangazo ya mtandaoni nikatazama peke yangu chumbani, lakini halingi nimeijua katikati ya watu, mzee mmoja akinieleza kwa nini mwamuzi amepuliza kipenga na mwenzake akiyakataa maelezo hayo papo hapo, na sitaki kuipoteza sehemu hiyo ya mchezo. Baa zenye mabango ya Kiayalandi zipo katika kila mji mkubwa wa Ulaya. Nitajuaje ni ipi inayoonyesha kweli halingi, kandanda ya Kigaeli (ile ya jadi ya Waayalandi, ichezwayo kwa mikono na miguu) na mechi za timu ya taifa ya raga ya Ayalandi? Je, niwapigie simu kwanza, au nifike tu siku ya mechi?

Mkaazi wa Köln anajibu:

Ndugu yangu, usifike tu. Bango, picha za zamani ukutani na kaunta ya mbao nyeusi havikuambii lolote kuhusu kinachoonyeshwa ndani, kwa sababu tangu miaka ya 1990 zimekuwapo kampuni zinazobuni na kusafirisha kutoka Ayalandi mapambo ya baa nzima, yakafungwa popote mwekezaji anapotaka. Mwenye baa anaweza kuwa mtu asiyewahi kuiona mechi hata moja ya halingi, na wala hilo si kosa lake.

Piga simu siku kadhaa kabla ya mechi, katikati ya wiki, mchana, wakati msimamizi ana nafasi ya kukusikiliza. Usiulize kama wanaonyesha michezo, maana watakujibu kuwa ndiyo, nao watakuwa wanamaanisha Bundesliga, ligi kuu ya soka ya Ujerumani. Taja timu zote mbili, tarehe, na saa kwa majira ya Ujerumani. Kisha uliza mambo mawili ambayo wengi huyasahau: mechi itakuwa kwenye skrini ipi, na je, sauti itafunguliwa? Mashindano ya halingi ya kaunti za Munster, mkoa ilimo Limerick, huchezwa kuanzia Aprili, yaani wakati ule ule Bundesliga inapoelekea ukingoni, na mechi nyingi za Bundesliga huanza Jumamosi saa tisa u nusu alasiri. Mechi ya Limerick ikiangukia hapo, katika mji wa klabu ya soka ya Bayern, skrini kubwa hutaipata. Nimekwisha kuona watu waliovaa jezi za kaunti zao wamesongamana kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, chini ya televisheni ndogo isiyo na sauti, kila mhudumu anapopita na sinia wote wakilazimika kusogea. Katika raga unaweza kuvumilia hali hiyo. Katika halingi mpira ni mdogo, hupigwa ukaenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kwenye skrini ndogo utabaki kuwatazama wachezaji ili ukisie mpira uko wapi.

Uliza pia kama matangazo yanakuja kwa intaneti. Yakija kwa intaneti dhaifu, picha hukwama, na halingi haimsubiri mtu: mchezaji anaweza kufunga pointi kutoka katikati ya uwanja wakati wewe unatazama duara linalozunguka.

MamaLondon anajibu:

Mwanangu, mwenzangu hapo juu amesema kweli, nami naongeza suala la haki za matangazo, kwa kuwa ndilo linaloamua baa ipi inaweza kukuonyesha nini.

Desturi hii ya Waayalandi kukusanyika ugenini mbele ya skrini ina historia yake hapa London. Tarehe 21 Juni 1990, katika Kombe la Dunia, Ayalandi ilicheza na Uholanzi wakati ule ule Uingereza ilipokuwa ikicheza na Misri, na televisheni za hapa zikaonyesha mechi ya Uingereza. Vijana wawili wa Kiayalandi wakapata kibali, wakaionyesha mechi yao katika ukumbi wa dansi huko Ealing, na kutokana na jambo hilo ikazaliwa kampuni ya Setanta, ambayo baadaye ilizipelekea baa za ughaibuni michezo ya Kigaeli kwa miaka mingi. Tawi lake la Uingereza lilianguka mwaka 2009. Mwaka 2014 chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, pamoja na shirika la utangazaji la RTÉ, vilianzisha huduma ya mtandaoni ya GAAGO, na mwaka 2025 nafasi yake ikachukuliwa na GAA+, ambayo ni ya chama chenyewe.

Nayaeleza haya kwa sababu moja. Usajili ambao wewe au mimi tunaulipia ni wa matumizi ya nyumbani, na baa inayotaka kuonyesha hadharani inahitaji kibali cha biashara. Kwa hiyo usimwendee mwenye baa na simu yako ukimwomba aiunganishe na skrini yake, maana unamwingiza katika hatari ambayo hakuitafuta. Mwulize kwa adabu kama analo kifurushi cha michezo ya Kigaeli. Akisema hana, mweleze kuwa mko watu kadhaa mtakaokuja kila mechi na mtakaokula hapo. Mfanyabiashara humsikiliza anayemletea wateja.

Neno jingine: ukiuliza kuhusu "Ayalandi", bainisha ni mchezo gani. Katika raga kisiwa chote kina timu moja, ila katika soka kuna Jamhuri ya Ayalandi na kuna Ayalandi ya Kaskazini, na mhudumu asiyejua tofauti hiyo anaweza kukuahidi mechi usiyoikusudia.

Mlinda Lango anajibu:

Mwenzetu anahamia Septemba, na hapo kalenda inabidi ielezwe. Zamani fainali za Ayalandi nzima, yaani za ubingwa wa kaunti katika halingi na kandanda ya Kigaeli, zilichezwa Septemba. Tangu 2022 zinachezwa Julai katika uwanja wa Croke Park, Dublin, kwa hiyo utakapofika Munich msimu wa kaunti utakuwa umekwisha, na usishangae ukiambiwa hakuna mechi. Vuli ni wakati wa mashindano ya klabu na wa mechi za raga za Novemba. Ligi ya kaunti hurudi mwishoni mwa Januari, na mashindano ya raga ya Mataifa Sita huchezwa Februari na Machi. Hayo ya raga ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa Waingereza na Wafaransa nao wanayataka, na baa hupata sababu ya kuyaonyesha.

Itumie hiyo miezi mitulivu kutafuta watu kabla ya kutafuta baa. Munich ina klabu ya michezo ya Kigaeli iitwayo München Colmcilles. Waandikie. Wachezaji wa klabu za namna hii ndio wanaojua ni baa ipi hufungua skrini na ni msimamizi yupi hutimiza ahadi, na mara nyingi wamekwisha kupatana naye kwa niaba ya kila mtu. Si lazima uwe Mwayalandi wala uwe unajua kucheza. Kwa maoni yangu jibu la swali lako liko hapo zaidi ya kwenye simu kumi za kubahatisha.

Saa haina shida: Ujerumani iko mbele ya Ayalandi kwa saa moja mwaka mzima. Fainali za 2024 na 2025 zilianza saa tisa u nusu alasiri Dublin, yaani saa kumi u nusu kwenu.

MwanaShannon anaandika:

Ahsanteni sana, ndugu zangu, nawe mama shikamoo. Suala la Septemba sikulifikiria kabisa. Nitawaandikia Colmcilles kabla ya kusafiri. Nina swali moja la nyongeza: mke wangu atanifuata mwakani, naye ni mpenzi mkubwa wa kamogi, yaani halingi ya wanawake. Je, baa inayoonyesha halingi huonyesha na kamogi?

MamaLondon anajibu:

Marahaba, mwanangu. Usilichukulie kuwa ni lazima iwe hivyo. Kamogi ina chama chake, kandanda ya Kigaeli ya wanawake nayo ina chake, na haki za matangazo yao huenda kwa njia nyingine, hivyo kibali cha baa kwa mechi za wanaume hakimaanishi kuwa za wanawake zimo. Fainali zao mwaka 2025 zilichezwa Agosti, baada ya zile za wanaume, wakati ambapo baa nyingi zimekwisha kuiweka kando michezo ya Kigaeli na kuanza kujiandaa kwa msimu wa soka. Mwambie mkeo amwombe msimamizi mapema, Julai, siku ile ile ya fainali ya halingi, wakati baa imejaa na msimamizi anawaona wateja wake kwa macho.